Bibi wa Katoro na daktari wa Cincinnati

Wadau, leo tupumzike kidogo na siasa. Nina deni la kulipa, na deni lenyewe ni la aibu.

Mwaka 2019 nilikuwa Katoro, mkoani Geita, nikifuatilia habari ya wachimbaji wadogo. Mchana nikaingia kwa mama lishe mmoja pembeni ya barabara, pale ambapo wachimbaji huja na mabuti yao ya mvua yenye tope jekundu, wanakula haraka na kurudi duarani. Meza yangu ilikuwa na vijana watatu. Mmoja alikuwa anasimulia jambo huku anakula ugali na nyama ya ng'ombe, ile nyama ya Usukumani isiyokubali kutafunwa kwa haraka. Katikati ya sentensi akanyamaza.

Nilidhani amesahau alichotaka kusema. Kisha akasimama, kiti kikaanguka, mikono yote miwili ikaenda shingoni. Mdomo wazi, macho yamemtoka, sauti hakuna. Mtu mmoja akasema ni kifafa. Mwingine akakimbilia kikombe cha maji. Kijana aliyekuwa nyuma yangu akanong'ona, "Kawekewa kitu huyo." Na mimi je, mwandishi wa habari mwenye digrii yangu? Nilisimama na kalamu mkononi. Sikufanya lolote.

Aliyefanya ni bibi mmoja aliyekuwa anauza karanga mlangoni. Alimpokonya yule mtu kikombe cha maji, akamwinamisha kijana mpaka kifua kikakaribia meza, akampiga mgongoni, katikati ya mabega. Moja, mbili, tatu. Sikumbuki zilikuwa ngapi. Ninachokumbuka ni kipande cha nyama kikidondoka mezani, na ile sauti ya kwanza ya kijana akivuta hewa. Wenzake wakacheka kwa woga: "Bibi kakupiga kama mwizi!"

Baadaye nikamfuata mlangoni. "Mwadila mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza. Nikamuuliza alijuaje kuwa si kifafa. Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Mwanangu, anayekohoa bado ana hewa. Huyu alinyamaza."

Sentensi hiyo nimekaa nayo miaka yote hii. Kilichonirudisha kwake ni kwamba baadaye nilisoma historia ya jambo hili, nikakuta kuna kipindi kirefu ambapo wataalamu wakubwa wa Marekani wangemwambia yule bibi kwamba amekosea, tena kwamba angeweza kuua. Nikakuta pia kwamba wataalamu hao wamerudi alipokuwa amesimama yeye. Hebu tuifuate safari hiyo, kwa sababu ndani yake mna maisha ya watu.

Tuanze na lugha yetu, maana inajua zaidi ya tunavyodhani. Kiswahili kina neno kupaliwa: umekunywa chai ukicheka, ikapita njia isiyo yake, unakohoa mpaka machozi yanatoka, wenzako wanakucheka. Hapo hewa inapita. Kisha kuna kusakamwa: kitu kimekwama kooni. Mwiba wa sato unaweza kukusakama kwenye umio, njia ya chakula, ukaumia sana lakini ukaendelea kupumua na kulalamika. Kitu hicho hicho kikiziba njia ya hewa yenyewe, hapo umekabwa. Hakuna sauti kwa sababu sauti ni hewa, na hewa haipiti. Yule bibi hakusoma anatomia, lakini alijua tofauti ya kupaliwa na kukabwa, na tofauti hiyo ndiyo somo la kwanza katika kila kitabu cha huduma ya kwanza.

Sasa tuje kwenye muda. Watu wa Kahama hawajasahau mgodi wa Nyangarata. Oktoba 2015 mgodi huo wa wachimbaji wadogo uliporomoka, watu wakafukiwa. Wengi walishakata tamaa. Katikati ya Novemba, baada ya siku 41, wanaume watano wakatolewa wakiwa hai. Walikuwa wamekula mizizi, mende na vyura, wakanywa maji machafu yaliyotiririka chini. Mmoja wao alifariki baadaye. Siku 41 bila ugali, na bado mwili wa binadamu ulikataa kufa, kwa sababu mahali fulani kwenye kifusi kile kulikuwa na upenyo wa hewa.

Linganisha na kijana wa Katoro. Njia ya hewa ikizibwa kabisa, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika kama nne hivi. Dakika nne! Muda wa wimbo mmoja redioni.

Na hospitali iko wapi? Kwa miongo mingi, ukisema rufaa Kanda ya Ziwa ulikuwa unasema Bugando, hospitali iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971. Kutoka mjini Shinyanga mpaka Mwanza ni kama kilomita 160. Kutoka Geita njia kuu ilikuwa inakatwa na maji pale Busisi. Wenyeji mnakijua kivuko: foleni ya malori, wauza samaki madirishani, mgonjwa kwenye kiti cha nyuma akisubiri zamu ya pantoni kama gunia la mchele. Daraja la J.P. Magufuli, kama kilomita tatu juu ya maji kutoka Kigongo hadi Busisi, lilifunguliwa Juni 2025, na Chato tayari kulikuwa na hospitali ya kanda iliyoanza kazi 2021. Ni mambo makubwa, tuyashukuru. Lakini hakuna daraja linalovukwa ndani ya dakika nne ukitokea Katoro, na hata mwenye nyumba nyuma ya ukuta wa Bugando akikabwa mezani kwake, atakayemwokoa ni yule anayekula naye.

Ndiyo maana historia hii ni ya watu wa kawaida kuliko madaktari. Hata huko Marekani.

Mwaka 1963 daktari mmoja wa Florida aliyekuwa akichunguza vifo vya ghafla, Roger Haugen, aliandika kuhusu watu 9 waliokufa wakiwa wanakula mgahawani. Watu walidhani wote wamekufa kwa moyo. Ndivyo ilivyoonekana: mtu anakula, ghafla ananyamaza, anaanguka, amekwisha. Alipowapasua alikuta mapande ya chakula yasiyotafunwa yameziba njia ya hewa. Pombe ilikuwemo kwenye hadithi hiyo, na meno mabovu au ya bandia pia. Maneno haya yasomwe polepole na kila anayejua nyama choma za Jumamosi usiku pale Kahama au Geita mjini. Mlevi aliyeinamisha kichwa mezani si lazima awe amelala.

Miaka 11 baadaye akaja Henry Heimlich, daktari wa upasuaji wa Cincinnati. Wazo lake lilikuwa rahisi kama mpira wa baiskeli: hata ukikabwa, mapafu yako yana hewa iliyobaki ndani. Ukibana tumbo kwa nguvu, kwa ndani na kwenda juu, hewa hiyo itasukumwa na kufyatua kizibo. Alijaribu kwa mbwa waliopewa dawa ya usingizi, na Juni 1974 akachapisha makala yake kwenye jarida la madaktari.

Hapa ndipo waandishi wa habari tunapopaswa kukaa vizuri kitini. Heimlich hakusubiri vikao. Habari ile ikachukuliwa na gazeti moja la Chicago na kusambazwa kwenye magazeti mengine. Ndani ya siku chache, katika jimbo la Washington, mzee mmoja mstaafu aliyewahi kuendesha mgahawa akasikia majirani wanapiga kelele: mwanamke amekabwa wakati wa chakula. Mzee alikuwa amesoma gazeti. Akafanya alichosoma, mwanamke akapona. Hakuna aliyempa cheti. Alisoma, akakumbuka, akathubutu.

Baada ya hapo jina la Heimlich likaenda dunia nzima, likaingia kwenye mabango ya migahawa na kwenye filamu. Tatizo ni kwamba daktari hakutosheka na kusema njia yake ni nzuri. Alitaka nyingine iondoke. Aliita mipigo ya mgongoni mipigo ya kifo, akidai inazamisha kizibo zaidi. Katikati ya miaka ya 1980 upepo ukamfuata. Mkuu wa afya ya umma wa Marekani, C. Everett Koop, akatangaza mwaka 1985 kwamba njia sahihi ni ya Heimlich tu na kuwataka Wamarekani waache kupiga migongo. Kwa miaka kama 20 Marekani ikafundisha hivyo kwa watu wazima.

Nchi nyingi za Ulaya hazikumfuata. Ziliendelea kufundisha mipigo ya mgongo kwanza, kubana tumbo baadaye. Australia yenyewe haikuukubali mbano wa tumbo, ikapendelea kusukuma kifua. Kwa nini? Kwa sababu mbano wa tumbo umewahi kupasua viungo vya ndani, na ushahidi kwamba unashinda njia nyingine zote haukuwa mzito kama sauti ya mwenyewe. Mwaka 2006 Msalaba Mwekundu wa Marekani ukarudisha mipigo ya mgongo: mitano mgongoni, mitano tumboni. Na Oktoba 2025 Chama cha Moyo cha Marekani nacho kikaandika hivyo hivyo kwenye mwongozo wake mpya, kwa watu wazima na watoto: anza na mgongo mara tano, kisha tumbo mara tano, rudia.

Kwa hiyo bibi wa Katoro alikuwa sahihi. Tusimwonee Heimlich lakini. Mbano wake umeokoa watu wengi sana, na mwenyewe, Mei 2016, akiwa na miaka 96 kwenye makazi ya wazee huko Cincinnati, alimwokoa mwanamke aliyekuwa meza moja naye kwa njia hiyo hiyo. Alifariki Desemba mwaka huo. Ninachosema ni kwamba mkono wa bibi ni nusu ya kwanza na mbano wa daktari ni nusu ya pili. Kama kile kipande cha nyama kingegoma kutoka kwa mipigo, bibi angehitaji mtu wa kumfundisha kitu cha pili. Na mtu huyo nilipaswa kuwa mimi niliyesoma.

Turudi kwa yule kijana aliyenong'ona nyuma yangu, "kawekewa kitu." Haugen alikuta Wamarekani wakitafsiri kukabwa kuwa ni moyo. Sisi tunatafsiri kuwa nini? Mtu mzima, mzima wa afya, ameketi na ndugu zake, anakula, dakika tano baadaye ni maiti. Kwenye kijiji ambako hakuna wa kuichunguza maiti, kifo cha namna hiyo hutafutiwa mwenyewe. Nani alipika? Nani alimpa sahani? Bibi gani ana macho mekundu?

Usukumani swali hilo lina damu. Mwanazuoni Simeon Mesaki, aliyechambua takwimu za serikali, ameonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa imani za uchawi, zaidi ya nusu yao Usukumani, na wengi walikuwa wanawake. Macho mekundu ambayo yamewaponza vikongwe ni macho ya miaka 50 ya kupuliza moto wa kuni na samadi. Sisemi kwamba vifo hivyo vilianza na pande la nyama. Ninasema kila kifo cha ghafla ambacho tunaweza kukitambua kwa jina lake ni tuhuma moja inayokosa pa kushika. Fikiria: siku ile kama kijana angekufa, yule bibi aliyemgusa wa mwisho angejieleza vipi?

Sasa watoto, maana hapo ndipo Kanda ya Ziwa ina ushahidi wake wenyewe. Mwaka 2011 madaktari Japhet Gilyoma na Phillipo Chalya wa Bugando walichapisha taarifa ya wagonjwa 98 waliotolewa vitu vilivyokwama kooni au kwenye njia ya hewa. Wengi wao walikuwa na miaka miwili au chini ya hapo. Kwenye umio, kilichoongoza ni sarafu. Kwenye njia ya hewa, kilichoongoza ni karanga. Wanne walifariki.

Karanga! Tunda la nyumbani kabisa. Usukumani karanga ziko kwenye michembe, kwenye mboga, kwenye kikapu cha yule bibi mlangoni. Mtoto wa miaka miwili ana meno ya mbele ya kukata lakini magego ya kusaga bado hayajatimia, anakimbia, anacheka, anaivuta ndani. Wakati mwingine anakohoa sana kisha anatulia, wazazi wanasema imepita. Wiki mbili baadaye ana kikohozi kisichoisha, kifua kinapiga mluzi upande mmoja, anatibiwa nimonia, inarudi. Ukiwa na mtoto wa namna hiyo, mwambie daktari waziwazi: siku fulani alipaliwa na karanga. Sentensi hiyo moja inaweza kumfikisha kwenye kipimo sahihi. Na mpaka afike miaka minne au mitano, karanga zake zisagwe.

Basi, tuyaweke mambo kama yanavyofundishwa leo. Somea na mwenzako, msihifadhi kwenye simu tu.

Kwanza, muulize: "Umekabwa? Unaweza kuongea?" Akikohoa kwa nguvu au akijibu, mwache akohoe. Simama karibu naye, mtie moyo, usimpige, usimpe maji. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mikono yako.

Asipotoa sauti, akishika shingo, midomo na kucha zikianza kubadilika rangi, hapo anza. Piga kelele ya msaada, mtu mmoja atafute gari na simu. Simama pembeni yake kwa nyuma kidogo, mwinamishe mbele, mshike kifua kwa mkono mmoja. Kwa sehemu ngumu ya kiganja, karibu na kifundo cha mkono, mpige katikati ya mabega mara tano kwa nguvu. Baada ya kila pigo angalia kama kimetoka.

Kisipotoka, simama nyuma yake, mzungushie mikono. Kunja ngumi moja uiweke juu ya kitovu, chini ya chembe cha moyo, ishike kwa mkono wa pili, vuta kwa ghafla kwa ndani na juu mara tano. Kisha rudi mgongoni. Tano na tano, mpaka kitoke au azimie. Mjamzito, au mtu mnene ambaye mikono yako haimzunguki, usimbane tumbo. Bana katikati ya kifua.

Mtoto mchanga wa chini ya mwaka mmoja habanwi tumbo kamwe. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, huku umeshika taya lake. Mpige mgongoni mara tano. Mgeuze chali, kichwa bado chini, msukume katikati ya kifua mara tano. Rudia.

Akizimia, mlaze chini pagumu, anza kusukuma kifua kama unavyofufua mtu ambaye moyo umesimama: mara 30, kisha pumzi mbili. Kila unapotaka kumpa pumzi, chungulia mdomoni. Ukikiona kitu, kitoe. Usipokiona, usiingize kidole kupapasa, utakizamisha. Na hata akipona kabisa baada ya kubanwa tumbo, aende hospitali akaangaliwe ndani.

Yale ya kwetu ya kumeza tonge kavu la ugali? Wengi tumelelewa nayo kwa mwiba wa samaki. Kwa mtu aliyekabwa ni kuongeza tofali kwenye ukuta. Hata kwa mwiba, tonge linaweza kuuchoma ndani zaidi.

Nchi hii haijakosa pa kuanzia. Chama cha Msalaba Mwekundu kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inazungumzia huduma ya kwanza kazini. Migodi mikubwa ina wafanyakazi waliofundishwa na magari yanayosubiri. Nje ya uzio, kwa wachimbaji wadogo na kwa mama lishe anayewalisha, kuna bibi na mkono wake. Kama gazeti moja la Marekani liliweza kumfundisha mzee mstaafu ndani ya siku chache mwaka 1974, redio za Mwanza, Shinyanga na Kahama zinashindwa nini? Dakika tatu kabla ya taarifa ya habari zinatosha, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma.

Mimi nilirudi Dar es Salaam, nikajiandikisha mafunzo ya siku mbili, nikajifunza kwa sanamu la plastiki. Mkufunzi alipouliza ishara ya kwanza ya kukabwa, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nikamjibu kwa maneno ya bibi. Akacheka, kisha akayaandika ubaoni.

Deni langu bado sijalimaliza. Mwaka huu nikipita Katoro nitamtafuta pale mlangoni, ninunue karanga zake, nimuombe dakika kumi nimwonyeshe ile nusu ya pili.